Jengo kuukuu halilindwi kwa ukuukuu wake

Wengi Dar es Salaam huamini kila jengo la zamani katikati ya mji tayari linalindwa na Idara ya Mambo ya Kale ya serikali, hivyo wakazi hawana la kufanya. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka hiyohiyo ya 1860. Karibu mji wote umebaki nje! Mengine lazima yatangazwe rasmi ndipo yalindwe.

Pendekezo la kutangaza jengo laweza kuanzia mtaani: picha za pande zote, vipimo vya milango na baraza, historia ya umiliki. Mwenye nyumba ashirikishwe kwanza. Akidhani atanyang'anywa, atawahi kubomoa.

Tangazo nalo halizuii mvua. Kuta za matumbawe na chokaa, kama za Boma la Kale la hapa mjini, zisipigwe lipu ya saruji: unyevu na chumvi hukwama ndani, kisha lipu hubanduka na jiwe lake. Tumia chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka nyembamba, ukuta ukiwa umeloweshwa. Mifereji ya paa izibuliwe kabla ya masika.