Mkopo wa benki hauufuti ushuru wa kodi ya nyumba

"Nikishalipa mkopo na rangi sibaki na kitu, kwa hivyo KRA, wale wa mamlaka ya ushuru, hawanidai." Wanakudai, jamani.

Hapa Kenya, mkaaji anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutoka nyumba za kuishi hutozwa ushuru kwenye kodi yote, kabla hajatoa hata senti. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, anayepiga hesabu kwa asilimia 10 ya zamani anajiumiza bure. Vyumba vinane vya 6,000 ni 48,000 kwa mwezi, ushuru 3,600, na mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ploti nzima ikikaa tupu, jaza ritani ya sufuri kwenye iTax, tovuti ya KRA. Ukilala, faini haipungui 2,000.

Wakala akikusanya 48,000, akakata 4,800 zake, M-Pesa itakuonyesha 43,200. Unatangaza 48,000! Dipoziti si kodi mpaka mpangaji ahame, nawe uigeuze kuwa kodi ya mwezi wa mwisho.

Sasa wenye mikopo. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA ujitoe kwenye mfumo huu, utozwe kwa faida ya mwaka. Watu wakisikia hivyo hurukaruka, halafu wanaandika awamu yote ya benki kama gharama. Kinachotolewa ni riba peke yake. Awamu ikiwa 35,000 na riba ndani yake 22,000, ongeza 4,800 za wakala: gharama ni 26,800, faida 21,200. Kama mshahara wako tayari uko kwenye kiwango cha asilimia 30, ushuru ni 6,360 kwa mwezi. Umekimbia 3,600! Kwa mtu wa kiwango hicho, kujitoa hakulipi mpaka gharama zipite robo tatu ya kodi. Ila mzee asiye na pato lingine, faida hiyohiyo ni 254,400 kwa mwaka, inaangukia asilimia 10, yaani 25,440, na nafuu ya kibinafsi, punguzo la ushuru la 28,800 kwa mwaka, inaumeza yote. Huyo ajitoe.

Ajitoe, nasema, lakini hata hapo mimi husitasita. Tangu Januari 2024 matengenezo hayakubaliki kuwa gharama bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na fundi wa mabomba anayekuja na spana mfukoni hana eTIMS. Riba utaithibitisha kwa taarifa ya benki. Yale masinki, koki na mabati yaliyobadilishwa huenda yakapotea yote. Kwa hivyo piga hesabu ukitumia gharama zenye karatasi tu, kisha ndipo umwandikie Kamishna.

Na yale maduka mawili mbele ya ploti? Hayamo kabisa kwenye hii asilimia 7.5. Kodi yake huingia kwenye ritani ya mwaka, na huko gharama zake hutolewa.