Hivi kwa nini moyo ukishaanza kupiga ovyo unazoea?

Mwaka 1995 kule Maastricht, Uholanzi, watafiti walichukua mbuzi wenye mioyo mizima kabisa wakawawekea kifaa kinachousikiliza moyo muda wote, ukirudi tu kwenye mapigo ya kawaida kinaushtua tena kwa umeme uende ovyo. Mwanzoni moyo ulikuwa unahangaika sekunde 6 hivi halafu unajirudi wenyewe. Kikawa kinashtua, unajirudi, kinashtua, unajirudi. Ikapita wiki, wengine zaidi kidogo, na mbuzi 10 kati ya 11 moyo ukawa unaenda ovyo zaidi ya saa 24 bila kushtuliwa na mtu! Na hawakuambukizwa ugonjwa wowote, kule kupiga ovyo kwenyewe ndiko kulikowaletea ugonjwa.

Sasa moyo hauna ubongo, hiyo kumbukumbu inakaa wapi?

Sehemu nzuri ya jibu iko kwenye epijenetiki. Karibu kila seli mwilini inabeba DNA ya urefu wa kama mita 2, ya ini na ya moyo ni ile ile, kinachotofautiana ni jini zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Seli inaweza kubandika kikemikali cha methili (kaboni moja na hidrojeni tatu, basi) juu ya DNA, na mara nyingi jini ya hapo inanyamaza. Au inakaza na kulegeza zile protini DNA inazozungushiwa, histoni, maana ikikazwa sana haisomeki. Halafu kuna mikroRNA, vipande vya herufi 22 hivi ambavyo vinavizia ujumbe ukishatoka kwenye jini na kuuzuia usigeuzwe protini. Wapo wanaobisha kwamba hizi za mwisho si epijenetiki halisi, lakini ukizungumzia moyo huwezi kuziruka. Na katika yote hayo hakuna herufi hata moja ya DNA iliyobadilika.

Ugonjwa waliopata wale mbuzi unaitwa fibrilesheni ya atria. Vyumba viwili vya juu vya moyo, badala ya kupokea umeme mara 60 mpaka 100 kwa dakika, vinapata mara 350 mpaka 600, kwa hiyo havipigi tena, vinatetemeka tu, damu inatuama, na ikiganda bonge likasafiri mpaka kwenye ubongo ndo stroku hiyo.

Sasa kila pigo huwa linaingiza kalisiamu ndani ya seli. Ukiipigisha seli mara 400 kwa dakika kalisiamu inajaa mpaka inakuwa sumu, hivyo seli inajihami kwa kupunguza milango ya kuiingiza. Kwa wagonjwa, na kwa mbwa walioharakishwa mapigo maabara, mikroRNA inayoitwa miR-328 imekutwa imepanda, na yenyewe inazuia kutengenezwa kwa mlango huo huo wa kalisiamu. Kwa wagonjwa wa fibrilesheni pia miR-1, mikroRNA nyingine, imekutwa imeshuka, na hiyo ndo ilikuwa breki ya mlango mmoja wa potasiamu, kwa hiyo potasiamu inatoka kwa wingi. Ukijumlisha, umeme wa kila pigo unakuwa mfupi, seli inapumzika haraka na inakuwa tayari kushtuliwa tena kabla ya wakati, na hapo umeme unapata nafasi ya kuzunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Yaani seli imejiokoa yenyewe, moyo ndo umeumia.

Cha ajabu, mbuzi wakiachwa moyo utulie, hayo mabadiliko ya umeme yanafutika ndani ya wiki hivi. Kinachogoma ni makovu. MiR-29 ikishuka na miR-21 ikipanda, nyuzi za kolajeni zinazidi kwenye nyama ya moyo, na kolajeni haipitishi umeme. Kwa maoni yangu hapa ndo penye uzito, kuwahi kabla makovu hayajazidi, maana mwaka 2020 utafiti wa EAST-AFNET 4, uliokuwa na wagonjwa 2,789, ulionyesha kwamba wanaoanza kurekebishwa mapigo ndani ya mwaka mmoja tangu wagundulike wanapata madhara machache, yakiwemo vifo vya moyo na stroku, kuliko wanaotibiwa kwa njia ya kawaida.

Usidhani mikroRNA zinafanya uharibifu tu lakini. Wanariadha wa mbio ndefu wengine mapigo yao wakiwa wamepumzika yanashuka hadi 40, na miaka yote ilisemwa ni kazi ya neva. Watafiti wa Manchester mwaka 2014 wakazima athari za neva kwa panya waliozoezwa, mapigo yakabaki chini vile vile! Kumbe chaneli ya HCN4, mlango wa seli ule unaosaidia kuanzisha kila pigo, ilikuwa imepungua, na mwaka 2017 wakaonyesha nyuma yake kuna miR-423-5p, wakiizuia mapigo yanapanda tena.

Dawa? Azacitidine inayopunguza methili kwenye DNA inatumika Marekani tangu 2004, ila ni kwa magonjwa ya uboho. Kwa mapigo ya moyo bado mambo yako kwa panya na maabara, na tatizo linaeleweka, ukimeza kidonge cha kugusa methili au histoni hakiendi kwenye vyumba vya juu vya moyo peke yake, kinapita kila seli mwilini.