Chairman siyo S-Class iliyobanduliwa nyota

Kuna watu wakiona picha ya SsangYong Chairman, sedan ya kifahari ya Korea Kusini, wanasema hiyo ni Mercedes S-Class W140 tu (ile ya miaka ya 90), Wakorea wamebandua nyota wakabandika nembo yao. Hapana wakuu. Sura ndo inadanganya, maana kwa mbele kweli imefanana na W140 na nadhani walifanya makusudi, ila chini yake ni W124, yaani ile E-Class ya zamani ambayo Ujerumani walishaacha kuunda sedan yake kabla hata Chairman haijatoka 1997. Bodi SsangYong walijitengenezea, ndefu kuliko E yenyewe, inapita mita 5. Kilichokuwa cha Mjerumani kwa leseni ni injini: M104 ya silinda 6 za mstari, lita 2.8 na 3.2, halafu M111 ya silinda 4, lita 2.3 (gari zito vile na silinda 4, mhh). Kwahiyo fundi aliyezoea Mercedes za miaka ya 90 akifungua boneti anajikuta nyumbani. Na ukikuta moja imeandikwa Daewoo usidhani ni feki, Daewoo, Wakorea wengine, waliichukua kampuni ya SsangYong 1998 wakaiuza Chairman kwa jina lao miaka michache.