Kuua seli za saratani kwenye sahani ya maabara si kazi ngumu

Wiki hii nimetumiwa tena ule ujumbe wa WhatsApp: picha ya jongoo bahari (mnyama laini wa sakafu ya bahari) mkavu, na chini yake maelezo kwamba wanasayansi wamethibitisha anaponya saratani. Aliyenitumia aliuliza kama mgonjwa wake aache sindano za hospitali atumie supu na vidonge vya jongoo. Asiache. Nimelijibu swali hili kwa simu mara nyingi mno, sasa naliandika.

Maabara, ili kupata kemikali zilizomo ndani ya jongoo, tunamkatakata, tunamloweka kwenye methanoli, tunachuja, tunaondoa mafuta kwa heksani, kisha tunatikisa maji yaliyobaki pamoja na butanoli (vyote vitatu ni vimiminika vya kuyeyushia). Chumvi inabaki majini, saponini, yaani kemikali za jongoo zinazotoa povu, zinahamia kwenye butanoli. Unapokausha kwenye rotavepa, mashine ya kukaushia kwa utupu, usipochunga utupu huo povu hupanda shingo ya chupa mpaka kwenye kondensa inayopooza mvuke, na kazi ya kutwa imeharibika. Povu hilo ndilo jibu. Saponini hufanya kazi kama sabuni.

Hizo saponini hushika kolesteroli ya kwenye utando wa seli na kuutoboa. Seli ya saratani ina kolesteroli. Seli ya ini inayo. Chembe nyekundu za damu zinayo. Chukua damu iliyozimuliwa, yenye ule ukungu mwekundu, tia tone la mchujo wa butanoli: ukungu unatoweka, unabaki na maji mekundu maangavu unayoweza kusomea maandishi upande wa pili. Chembe zote zimepasuka. Jongoo mwenyewe hadhuriki kwa sababu tando zake zimejengwa kwa steroli (jamii ya kolesteroli) za aina nyingine, ambazo saponini zake hazizishiki vizuri. Hiyo ni silaha yake dhidi ya samaki wanaotaka kumla, na sisi hatuna kinga yake.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mchujo fulani “umeua seli za saratani”, uliza: kwa kiasi gani, na kiasi hicho hicho kilizifanya nini seli zenye afya? Maji ya betri nayo huua seli za saratani kwenye sahani. Tunachotafuta ni kinachoua hizi na kuziacha zile, na makala nyingi ninazoletewa hazikupima kabisa upande wa pili. Mtafiti Ross Nigrelli wa New York alijaribu saponini za jongoo kwa samaki na kwa panya wenye uvimbe, akachapisha mwaka 1952. Tangu hapo haijapatikana dawa ya saratani iliyoidhinishwa kutokana nazo.

Na ukizinywa? Ni molekuli kubwa zenye mnyororo wa sukari, hupenya utumbo kwa shida. Zisipopenya hazifiki kwenye uvimbe. Zikipenya nyingi, umeona zinavyoifanya damu.

Shaka yangu iko kwenye kazi yetu wenyewe. Tunapima kwanza nguvu ya kuua, tunaifuata michujo mikali, iliyo dhaifu tunaiweka kando. Nahofia huko kando ndiko tunakotupa molekuli yenye kugusa protini moja tu bila kutoboa kitu. Tena jongoo wa spishi ile ile akivuliwa mahali pengine au msimu mwingine hutoa mchanganyiko tofauti, halafu tunaandika kana kwamba spishi ni kiwanda.

Dawa za kweli za asili ya bahari zipo. Sitarabini, dawa ya saratani ya damu, ilizaliwa kutokana na sifongo, mnyama wa baharini, wa Florida. Eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, inatokana na halikondrini B, kemikali ya sifongo wa Japani: kilo 600 za sifongo zilitoa miligramu 12.5. Hakuna bahari ya kulisha hospitali kwa kipimo hicho, ndiyo maana zote mbili hutengenezwa kiwandani. Spishi ya jongoo bahari iitwayo jongoo mchanga (Holothuria scabra), anayevuliwa pwani yetu, amekuwa kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya spishi zilizo hatarini tangu 2013, na bado watu wanahimizwa wamnunue kwa tiba ambayo hana.

Kama mgonjwa wako ameshaanza vidonge hivyo, amwambie daktari wake wa saratani leo, na hasa kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda: ngozi ya jongoo ina sukari zenye salfati ambazo, zikiingia kwenye damu, hufanya kazi inayokaribiana na ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.