Je, wajua kwa nini baridi inaweza kuokoa ubongo uliokosa damu?

Ubongo hauna stoo. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, ndo maana damu ikikatika kabisa mtu anazima ndani ya sekunde chache, na baada ya dakika kama 4 au 5 seli zinaanza kufa.

Na hazifi kwa njaa tu. Seli ikiishiwa nguvu inamwaga kemikali inaitwa glutameti, hiyo inafungulia kalsiamu iingie kwa fujo kwenye seli za jirani, kalsiamu ikijaa nazo zinaanza kujimeng'enya zenyewe.

Sasa baridi inaingiaje? Kila nyuzi moja joto likishuka, mahitaji ya oksijeni ya ubongo yanapungua kwa kama asilimia 6 au 7, na ule mmwagiko wa glutameti unapungua pia.

Mei 1999 kule Norwe daktari mmoja, Anna Bågenholm, alikuwa anateleza kwenye theluji na ski (vile vibao virefu vya miguuni) akatumbukia kichwa mbele kwenye kijito chenye barafu juu, akanasa. Alipata kaupenyo ka hewa akapumua humo kama dakika 40 ndo moyo ukasimama, kuja kumtoa imeshapita saa 1 na dakika 20. Anafika hospitali Tromsø joto la mwili ni nyuzi 13.7, hana mapigo, ukimwangalia unasema maiti. Wakamuunga kwenye mashine ya moyo na mapafu, damu ikapashwa taratibu, moyo ukarudi. Mikono ilimsumbua muda mrefu ila akili iko fiti na udaktari alirudia.

Siri ni zile dakika 40: alipoa kwanza, moyo ukasimama baadaye. Hata madaktari wa upasuaji wakitaka kutengeneza mshipa mkuu wa damu karibu na moyo, kuna wakati wanampoza mgonjwa mpaka nyuzi kama 20 kabla ya kusimamisha damu.

Mtu wa kiharusi yeye damu imeshakatika mwili ukiwa na joto lake lote, na majaribio ya kumpoza hayajaonyesha faida, kwahiyo usimwekee barafu kichwani aisee. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea ghafla kimbiza hospitali, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatakiwa ndani ya saa 4 na nusu.