Je, Wajua Kwa Nini Kuta za Mawe za Liguria Hujengwa Bila Saruji?

Mkoa wa Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, ni ukanda mwembamba wa pwani na milima unaoanzia mpaka wa Ufaransa na kupita Genova hadi karibu na Toscana. Wageni wengi humiminika katika vijiji vitano vya Cinque Terre, wakapiga picha nyumba za rangi, kisha wakaondoka bila kuitazama kazi kubwa zaidi ya wenyeji, nayo ni kuta za mawe zinazoshikilia mashamba ya vilimani.

Milima ya huko hushuka moja kwa moja hadi baharini, hivyo ardhi tambarare ni adimu. Kwa karne nyingi wakulima waliuchonga mteremko kuwa matuta ya ngazi, wakayazuia kwa mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa. Ni rahisi kudhani kwamba huo ulikuwa umaskini tu, lakini sababu iliyoufanya ujenzi huo udumu ni maji. Mvua inaponyesha, udongo ulio nyuma ya ukuta hulowa, huwa mzito na kuusukuma. Ukuta uliozibwa kwa saruji, usipowekewa matundu, huyafungia maji hayo mpaka msukumo wake unauangusha, ilhali ukuta mkavu, yaani uliojengwa bila saruji, huyaacha yapenye kati ya mawe na kushuka taratibu. Kwa hiyo fundi huulaza ukuta kidogo kuelekea mlimani, na nyuma yake hujaza mawe madogo yanayopitisha maji na kuzuia udongo. Ardhi ikisogea, mawe nayo husogea kidogo, na sehemu iliyobomoka hujengwa upya kwa mawe yale yale.

Ila ukuta wa namna hii hauwezi kuachwa bila mtu wa kuutunza. Katika karne ya 20 wengi waliacha kilimo wakafuata ajira mijini, na kuta zikaanza kuporomoka. Tarehe 25 Oktoba 2011, mvua kubwa ya saa chache iliteremsha matope na mawe yaliyofukia mitaa ya Vernazza na Monterosso, viwili kati ya vijiji vya Cinque Terre, na watu wakapoteza maisha. Matuta yaliyotelekezwa yalikuwa miongoni mwa sehemu zilizoporomoka. Mwaka 2018 UNESCO iliuorodhesha ufundi huu kuwa urithi wa utamaduni wa Italia na nchi nyingine 7.

Kwa maoni yangu, anayetaka kuziona kuta hizi pasipo msongamano aende magharibi, katika bonde la Nervia nyuma ya Ventimiglia. Huko kuna Dolceacqua, yenye daraja la upinde mmoja ambalo mchoraji Mfaransa Claude Monet alilichora mwaka 1884, na juu zaidi kijiji cha Apricale. Matuta ya upande huo hutoa mvinyo mwekundu wa Rossese na zeituni ndogo za Taggiasca, ambazo mafuta yake ni laini, hayakeri koo. Bei isimshangaze mgeni, kwa kuwa kwenye matuta membamba trekta haipiti, na sehemu kubwa ya kazi bado hufanywa kwa mikono.