Mhuri kwenye wembe wa kale: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mtu anayepata wembe wa kukunja wa zamani, ule vinyozi waliounoa kwa jiwe na kuulainisha kwa mkanda wa ngozi, hutazama kwanza shingo yake, pale ubapa unapokutana na mpini. Hapo ndipo mhuri ulipopigwa. Mhuri huo una habari nyingi, lakini husomwa vibaya mno, hasa na wauzaji wenye haraka ya kupandisha bei. Kazi yake ni kuweka mipaka: wembe huu hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka fulani, au hauwezi kuwa wa baada ya mwaka fulani. Kuutegemea utaje mwaka wenyewe ni kuudai usichoweza kutoa.

Dhana: mwaka ulioandikwa kwenye wembe ndio mwaka uliotengenezwa.

Hii ndiyo inayopoteza watu wengi. Tazama nembo ya mapacha wawili ya Zwilling, kampuni ya visu na nyembe kutoka mji wa Solingen nchini Ujerumani. Peter Henckels aliisajili kwenye chama cha mafundi visu tarehe 13 Juni 1731, na kampuni huutangaza mwaka huo. Lakini wembe wenye maandishi "J. A. Henckels" unamtaja Johann Abraham Henckels, aliyezaliwa mwaka 1771. Hauwezi kuwa wa 1731 hata kidogo, na mwingi wa aina hiyo unaouzwa leo ni wa mwisho wa karne ya 19 au wa karne ya 20. Mwaka kwenye mhuri mara nyingi ni wa kuanzishwa kwa kampuni, au wa medali iliyotunukiwa katika maonyesho. Medali ina faida moja ya kweli: wembe unaoitaja hauwezi kuwa umetangulia maonyesho hayo.

Nyembe za Sheffield, Uingereza, zina kipimo kingine, nacho ni taji lenye herufi za mfalme au malkia. WR ni William wa Nne, 1830 hadi 1837. VR ni Victoria, 1837 hadi 1901. GR, yaani George, ndiyo yenye mtego. Wengi wakiiona husema papo hapo kwamba wembe ni wa kabla ya 1830, wakisahau kwamba kulikuwa na George wa Tano kuanzia 1910, na wa Sita baada yake. Hapo umbo ndilo linaloamua. Nyembe za zamani zaidi ni nene, zenye mgongo mpana na mbavu zilizonyooka, na nyingi za karne ya 18 hazina mkia mrefu wa kuegemeza kidole. Ubapa mwembamba uliochimbwa pande zote mbili hadi ukalia ukiugusa kwa ukucha ni kazi ya baadaye.

Dhana: pasipo neno "England" au "Germany", wembe ni wa kabla ya 1891.

Chanzo chake ni sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ambayo kuanzia 1891 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Sheria hiyo iligusa bidhaa zilizoingia Marekani tu. Wembe uliotengenezwa Sheffield mwaka 1910 na kuuzwa London haukulazimika kubeba neno "England". Kwa hiyo neno likiwepo linasaidia, ila likikosekana halithibitishi kitu. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni herufi za kisheria ambazo wengi huziruka: "D.R.G.M." ni usajili wa miundo ulioanza Ujerumani mwaka 1891, na "G.m.b.H." ni aina ya kampuni iliyoruhusiwa na sheria ya 1892. "West Germany" nayo inaupeleka wembe baada ya 1949.

Dhana: jina lililopigwa ni la fundi aliyeufua.

Si lazima. Maduka makubwa ya vifaa na wauzaji wa vyombo vya vinyozi nchini Marekani waliagiza nyembe Solingen zikiwa tayari na majina yao. Wembe wenye jina la duka la St. Louis unaweza kuwa Mjerumani halisi. Tena karne ya 19 ilijaa mihuri ya kuiga Sheffield, na malalamiko kuhusu mihuri hiyo yalichangia sheria ya Uingereza ya 1887 kuhusu alama za bidhaa.

Dhana: wembe ulioandikwa "Silver Steel", yaani chuma cha fedha, una madini ya fedha.

Mwanasayansi Michael Faraday na fundi visu James Stodart, wote wa Uingereza, walijaribu kweli kuchanganya fedha kidogo sana na feleji, yaani chuma kigumu cha visu, miaka ya mwanzo ya 1820. Baada yao maneno hayo yakawa ya kuvutia wateja, na nyembe nyingi zilizoyabeba hazikuwa na fedha yoyote.

Dhana: mpini mweupe ni pembe ya ndovu.

Mwingi ni seluloidi, plastiki ya zamani iliyoenea baada ya 1870. Mistari ya seluloidi imenyooka na kujirudia sawasawa. Ya pembe hufifia, hupinda na kukatika. Jambo hili linatuhusu sisi. Pembe zilizobebwa mabegani mwa wapagazi kutoka Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo, kisha Zanzibar, zilifika kwenye minada ya London, ambako mafundi wa Sheffield walikuwa wanunuzi wakubwa. Pembe halisi leo ina vikwazo vya kisheria vya kuuza na kusafirisha, kwa hiyo mpini ukaguliwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kumbuka pia kwamba mipini hubadilishwa: mpini wa seluloidi hauufanyi ubapa wa 1830 kuwa mpya. Seluloidi inayooza hutoa mvuke unaoleta kutu, hivyo wembe wa namna hiyo usifungiwe pamoja na mingine.

Dhana: mhuri usiosomeka usuguliwe hadi ung'ae.

Msasa hauondoi uchafu peke yake, unaondoa na kingo za herufi, na zikishaondoka hazirudi. Futa kwa mafuta mepesi na kitambaa laini. Kisha zima taa ya juu, shika tochi ubavuni karibu na chuma, uizungushe taratibu huku ukipiga picha. Herufi ambazo hazionekani mchana huinuka kwa vivuli vyake.